Wasichana robo nne, wavulana vipindi viwili: jibu kuhusu sheria za majaribio katika kikapu cha vyuo vya Marekani

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tanga na nina timu ya kikapu ya wasichana. Usiku huwa naangalia kwa simu mechi za wasichana wa vyuo vikuu vya Marekani. Nimeona wao wanacheza robo nne za dakika 10, lakini wavulana wa vyuo hivyohivyo wanacheza vipindi viwili vya dakika 20. Mtangazaji akasema mambo mengi ya namna hiyo huanza kama sheria za majaribio. Nani ana mamlaka ya kujaribu sheria kwenye mechi za watu? Kwa nini waanziwe wasichana? Na mimi, kwenye ligi yetu ndogo ya shule, naweza kubadilisha sheria nione itakuwaje?"

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole na kazi za kutwa.

Umeuliza matatu. Nitayajibu yote, ila nitakaa zaidi kwenye la katikati, maana hilo ndilo watu wengi hulipita haraka. Kikapu cha wanawake wa vyuo vya Marekani kimekuwa uwanja wa majaribio tangu siku ya kwanza. Yapo majaribio yaliyoanza kwa kuutilia shaka mwili wa mwanamke, na hayo karibu yote yamekufa. Yapo yaliyoanza kwa kuuliza ni kitu gani kinaukwamisha mchezo, na hayo mengi yapo mpaka leo na ndiyo unayoyaona kwenye simu yako. Nimechezesha na kufundisha waamuzi miaka mingi, na kila nikiletewa pendekezo la sheria mpya kwanza naangalia liko kundi gani kati ya hayo mawili.

Tuanzie mbali kidogo. James Naismith alibuni mpira wa kikapu Desemba 1891 mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Muda si mrefu mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye Senda Berenson, mzaliwa wa Lithuania, akauchukua na kuupeleka chuo cha wasichana cha Smith, mji wa Northampton, jimbo hilohilo. Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakakutana na wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Zama zile ilisemwa waziwazi kwamba mazoezi makali yanamwumiza mwanamke, na Berenson alitaka wasichana wake wacheze bila mtu kupata sababu ya kuwazuia. Kwa hiyo aliukata uwanja vipande vitatu kwa mistari, kila mchezaji abaki kwenye kipande chake. Kumpokonya mwenzako mpira mkononi likawa kosa, kuushika zaidi ya sekunde tatu likawa kosa, kuudunda zaidi ya mara tatu likawa kosa. Mimi simlaumu mama huyu. Aliufungua mlango kwa upana alioweza kwa siku zile. Sheria zake zilichapishwa rasmi mwaka 1899, na hapo katikati, tarehe 4 Aprili 1896, Stanford na California walikuwa wameshacheza San Francisco mechi ya kwanza ya wanawake kati ya vyuo viwili, wachezaji tisa kila upande. Stanford walishinda 2 kwa 1.

Tatizo ni kwamba tahadhari ya siku zile ilikaa ikawa desturi, na desturi ikadumu miaka zaidi ya 70. Mwaka 1938 vipande vitatu vikawa viwili, wachezaji sita kila timu: washambuliaji watatu upande huu, walinzi watatu upande ule, na mstari wa katikati hauvukwi.

Nenda kesho kwenye uwanja wako wa shule, chora mstari wa katikati kwa chaki, kisha umwambie yule binti yako mwenye mbio kuliko wote kwamba yeye ni mlinzi. Atanasa pasi. Atadunda mara mbili, maana kuna miaka mingi ambapo zaidi ya hapo ilikuwa kosa. Ncha za raba zake zitafika kwenye chaki na hapo ataganda, atampa mpira mwenzake wa ng'ambo, halafu atabaki amesimama mikono kiunoni akitazama wengine wakifunga. Msichana wa namna hiyo aliweza kumaliza masomo yake yote bila kurusha mpira kwenye kikapu hata mara moja katika mechi. Kwenye sekondari za jimbo la Iowa mtindo huo wa sita kwa sita uliendelea mpaka mwaka 1993, na watu wa huko waliupenda kwa dhati. Lakini kwa upande wa vyuo, wanawake waliosimamia michezo yao wenyewe walianza kuifungua kamba hiyo fundo moja moja.

Namna walivyoifungua ndiyo inayonifurahisha. Mwaka 1962 wachezaji wawili kati ya sita waliruhusiwa kuzunguka uwanja mzima. Wakatazama kama wasichana watazimia kama ilivyohofiwa. Hawakuzimia. Mwaka 1966 kudunda kukawa hakuna mwisho. Msimu wa 1969-70 wakajaribu wachezaji watano, uwanja mzima, kila mtu anashambulia na kila mtu analinda. Mwaka 1971 hiyo ikawa sheria. Machi 1972 ubingwa wa kwanza wa taifa wa chama chao kipya ukachezwa kwa sheria hizo, na Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki karibu na Philadelphia, wakawafunga West Chester 52 kwa 48. Miezi mitatu baadaye Marekani ikapitisha sheria ijulikanayo kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Mwaka 1976 kikapu cha wanawake kikaingia Olimpiki, Montreal. Fikiria mwalimu: laiti wangechelewa miaka mitano tu, wangeingia Olimpiki na wachezaji waliozoea nusu uwanja.

Katika msimu huohuo wa 1969-70 walijaribu jambo jingine ambalo wengi hawalijui: saa ya mashambulizi ya sekunde 30, yaani muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imerusha kwenye kikapu. Ikapitishwa mwaka uliofuata. Wavulana wa vyuo wakati huo walikuwa hawana saa kabisa. Timu ikishaongoza iliweza kuushika mpira na kupasiana mpaka watazamaji wakasinzia. Wavulana waliwekewa saa ya sekunde 45 msimu wa 1985-86, ikashuka 35 msimu wa 1993-94, na wakafika sekunde 30 msimu wa 2015-16. Iliwachukua zaidi ya miaka 40 kufika pale wasichana walipoanzia. Akikuambia mtu kwamba wanawake hupewa sheria nyepesi zilizobaki kwa wanaume, mtajie saa hiyo.

Sasa swali lako la kwanza, la mamlaka. Michezo ya vyuo huko inasimamiwa na chama kiitwacho NCAA, ambacho kilianza kuendesha ubingwa wa wanawake mwaka 1982. Kikapu kina kamati mbili za sheria, ya wanaume na ya wanawake, na kila moja hufanya kazi kivyake. Ndiyo maana robo zinaweza kuwepo huku na zisiwepo kule. Kamati hukaa mwisho wa msimu, huangalia takwimu, husikiliza makocha na waamuzi, kisha hupendekeza. Juu yake kuna jopo la kusimamia sheria za michezo yote, na pendekezo halina nguvu mpaka jopo hilo liidhinishe. Jaribio nalo huombewa ruhusa. Hufanywa kwenye mechi za kirafiki, au kwenye mashindano ya baada ya msimu ambayo si ubingwa wenyewe, yale yanayokusanya timu zilizokosa nafasi kwenye ubingwa. Ubingwa hauguswi. Kwa hiyo mtangazaji wako alikuwa sahihi kwa jumla, ingawa hizo robo nne hazikuhitaji jaribio refu. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walishaanza kucheza robo za dakika 10 tangu mwaka 2000, na ligi ya kulipwa ya wanawake, WNBA, tangu 2006. Dunia ilikuwa imeshawajaribia.

Kilichowasukuma ni hali ya mchezo wenyewe. Mwaka 2013 Val Ackerman, aliyekuwa rais wa kwanza wa WNBA, aliandika kwa niaba ya NCAA ripoti ndefu kuhusu hali ya kikapu cha wanawake vyuoni. Alisema bila kuficha kwamba ufungaji na asilimia ya mitupo inayoingia vilikuwa vimeshuka hadi chini kuliko wakati wowote. Msimu wa 2013-14 wakaleta sheria ya sekunde 10 za kuvusha mpira kutoka nusu yako, ambayo wanawake wa vyuo hawakuwa nayo, na waamuzi wakaagizwa wakaze filimbi kwa walinzi wanaoweka mikono kwenye mwili wa mshambuliaji. Kisha Juni 2015 ikaja kubwa: robo nne, na faulo za timu zinafutwa kila robo inapoanza.

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanadhani robo ni mapumziko tu ya kunywa maji. Siri iko kwenye faulo.

Zamani, katika kipindi cha dakika 20, faulo ya saba ya timu ilimpeleka mpinzani kwenye mtupo huru mmoja, na akiupata ndipo anapewa wa pili. Faulo ya kumi ilikuwa mitupo miwili moja kwa moja. Sasa chukua timu yenye wasichana wenye papara, imefika faulo saba katika dakika ya nane. Dakika 12 zilizobaki, kila kiwiko kikigusa ubavu, filimbi inalia na watu wote wanatembea kwenda kupanga mstari. Saa imesimama. Wachezaji wanane wameinama mikono magotini wakimtazama mmoja. Mtupo, kimya, mtupo. Dakika moja ya mchezo inakula dakika tatu za maisha ya mtazamaji. Nimechezesha mechi za namna hiyo na nakwambia mwamuzi mwenyewe unaanza kutamani usione faulo nyingine, na mwamuzi akifika hapo mchezo umeshaharibika.

Sheria ya sasa inasema faulo ya tano katika robo ndiyo inayoleta mitupo miwili, na robo ikiisha hesabu inaanza upya. Timu ya wenye papara inaumia kwa sehemu ya robo moja, kisha inapata nafasi ya kujirekebisha. Tena piga hesabu uone jambo la ajabu. Zamani timu iliweza kufanya faulo 6 kila kipindi bila kulipia, jumla 12 kwa mechi. Sasa ni 4 kila robo, jumla 16. Uhuru wa mlinzi umeongezeka, lakini umegawanywa vizuri, huwezi kuutumia wote dakika tano za mwanzo. Matangazo ya televisheni nayo yakapangwa upya kufuata robo, na mikatizo ikapungua. Wale waliokaa kuandika sheria hii walikuwa wameutazama mchezo kwa saa mkononi.

Siku ileile waliongeza sheria ya kusogeza mpira. Katika sekunde 59.9 za mwisho za robo ya nne au ya muda wa nyongeza, timu ikiomba muda baada ya kufungwa au kuupata mpira, inaweza kuanzia nusu ya adui, kama mita 8.5 kutoka mstari wake wa mwisho. Wewe unaijua kwa sura ya FIBA, ambako ni dakika mbili za mwisho. Wapo makocha wanaosema inambeba aliyezembea. Mimi naiunga mkono, maana bila hiyo sekunde tatu za mwisho huishia kwenye mpira mrefu uliorushwa kwa kubahatisha.

Mstari wa pointi tatu nao umetembea. Wasichana waliupata msimu wa 1987-88, mwaka mmoja baada ya wavulana, ukiwa mita 6.02. Msimu wa 2011-12 ukasogezwa hadi mita 6.32, na msimu wa 2021-22 hadi mita 6.75, ambayo ndiyo ya FIBA. Kuna watu walilalamika kwamba wasichana hawataufikia. Caitlin Clark aliingia chuo cha Iowa mwaka 2020, akacheza msimu wake wa kwanza kwa mstari wa karibu, kisha miaka mitatu kwa ule wa mbali, na mitupo yake maarufu ilitoka mbali zaidi ya mstari wowote uliowahi kuchorwa. Alimaliza na pointi 3,951.

Ila mwalimu, usiwaache mabinti zako walinganishe namba bila kuuliza sheria. Mwanamke aliyekuwa na pointi nyingi kuliko wote vyuo vikubwa kabla ya NCAA kuchukua usimamizi ni Lynette Woodard wa Kansas, pointi 3,649, kati ya 1977 na 1981. Clark alimpita Februari 2024. Lakini Woodard alizifunga zote bila mstari wa pointi tatu, na kwa mpira wa wanaume. Namwinamia kwa heshima kila ninapomtaja.

Na huo mpira ndio jaribio ninalolipenda kuliko yote. Msimu wa 1984-85 wanawake wa vyuo walihamia mpira mdogo, mzingo wake kama sentimita 72.4, ule wa wanaume ukiwa kama 74.9 na mzito zaidi kidogo. Sentimita mbili na nusu. Kwa maneno tu unaona ni kitu kidogo. Basi sikiliza. Nilikuwa nikifundisha wasichana kwenye uwanja wa saruji, na kama ilivyo shule zetu nyingi tulikuwa na mpira mmoja, saizi 7, yaani ule wa wanaume, kwa sababu ndio unaopatikana dukani. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa akirusha kwa mikono yote miwili kutoka kifuani, kama anatupa ndoo ya maji. Nilimkosoa kwa miezi: kiwiko ndani, mkono mmoja, kiganja kinyooke. Hakuweza. Siku moja tukaazimwa mipira miwili saizi 6, ile midogo ya wanawake. Aliushika, akautazama, vidole vyake vikatambaa vikapita katikati ya mpira. Kidole gumba na kidole kidogo vikaubana pande zote mbili. Akapandisha mkono mmoja, kiwiko kikaingia ndani chenyewe bila mimi kusema neno, na mpira ukatoka ukizunguka kinyumenyume kama inavyotakiwa. Haukuingia. Lakini nilikaa chini kwenye benchi nikaumia moyoni, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nikimkosoa mtoto kwa kosa la mpira.

Lipo pendekezo moja lililokataliwa ambalo nataka ulijue, maana kuna siku mtu atakuletea. Mwaka 2012 Geno Auriemma, kocha wa wasichana wa Connecticut na mwenye mataji mengi kuliko kocha yeyote wa wanawake vyuoni, alishauri ringi ishushwe kwa inchi 7.2, namba hiyo iwe ukumbusho wa mwaka 1972 wa Title IX. Hoja yake haikuwa ya dharau. Alisema hata wavu wa voliboli ya wanawake uko chini kuliko wa wanaume na hakuna anayeona ajabu. Nimelifikiria sana hilo. Mpira mdogo unaubeba mfukoni unaondoka nao kwenda uwanja wowote. Ringi imefungwa ukutani. Msichana anajifunza kwenye ringi ya mtaani iliyowekwa mita 3.05 kwa ajili ya kila mtu, anacheza na kaka zake pale, na siku ukishusha ya chuo tu umemtenga na kila kikapu alichowahi kukijua. Shule yenye ringi moja ingefanya nini? Haikupita, na nashukuru haikupita.

Wavulana nao wana majaribio yao, usidhani hawana. Mwaka 2018 kwenye NIT, mashindano yao ya timu zilizokosa nafasi kwenye ubingwa, walijaribu mambo manne kwa pamoja: robo nne, mstari wa pointi tatu wa mbali, eneo la chini ya kikapu lililopanuliwa hadi mita 4.9 badala ya 3.66, na saa kurudishwa sekunde 20 badala ya 30 mshambuliaji akipata ribaundi. Mstari na zile sekunde 20 zikapitishwa msimu wa 2019-20. Eneo pana halikupita. Robo hazikupita, na mpaka msimu wa 2025-26 wavulana wa vyuo wameendelea na vipindi viwili.

Basi kwa nini wasichana wanatangulia? Mimi naona hivi. Upande wa wavulana kuna fedha nyingi za televisheni, kuna makocha waliojenga jina lao lote juu ya dakika 20 mara mbili, na kila badiliko lina mtu mkubwa wa kulipinga. Upande wa wasichana, watu waliokaa mezani walikuwa wakitafuta watazamaji, na walikuwa na kumbukumbu ya mama zao waliofungiwa nyuma ya mstari wa chaki. Hawakuiogopa kalamu. Na wachezaji hawakufanyiwa mambo gizani kama ulivyohofu: ni makocha wa wanawake, wengi wao wachezaji wa zamani, wanaoleta maombi. Msimu wa 2025-26 wameongeza haki ya kocha kupinga uamuzi fulani na kuomba uangaliwe kwenye video. Fainali ya wanawake ya 2024, South Carolina na Iowa, ilitazamwa na watu karibu milioni 19 Marekani, ile ya wanaume mwaka huo chini ya milioni 15. Sisemi robo nne ndizo zilizowaleta, waliletwa na wachezaji. Lakini waliokuja walikuta mchezo unaotiririka.

Kuna faida nyingine inayotugusa sisi moja kwa moja. Mchezo wa wasichana wa vyuo vya Marekani sasa unafanana na wetu wa FIBA kuliko ule wa kaka zao. Madina Okot, binti wa Kenya, alitoka chuo cha Zetech akaenda Mississippi State mwaka 2024, kisha South Carolina mwaka 2025. Alipofika alikuta robo zilezile za dakika 10, faulo tano zilezile, mstari uleule wa mita 6.75. Alichotakiwa kujifunza ni saa ya sekunde 30 badala ya 24, sekunde 10 za kuvuka badala ya 8, na lile eneo jembamba la mita 3.66. Kwa mchezaji mrefu wa ndani kama yeye wembamba huo ni neema: anaweza kusimama karibu zaidi na ringi bila kuhesabiwa sekunde tatu, ambazo mshambuliaji haruhusiwi kuzizidisha ndani ya eneo hilo. Akirudi timu ya taifa ni lazima ajisogeze tena hatua nzima nje. Ukiwa na binti mrefu mwenye ndoto ya kwenda huko, mzoeshe kote kuwili mapema.

Sasa ligi yako. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na mashindano yoyote ya shirikisho, sheria ni za FIBA kama zilivyo, usiguse hata nukta. Kwenye bonanza na mechi za kirafiki mkikubaliana makocha wawili na mwamuzi, mnaweza. Ila jaribu kitu kimoja tu. Mimi niliwahi kubadilisha viwili kwa siku moja, nikaleta mpira mdogo na nikafupisha saa ya mashambulizi. Pointi zikapanda vizuri sana, na mpaka leo siwezi kusema ni kipi kilichozipandisha. Nilipoteza Jumamosi nne za watoto wa watu.

Na ushauri wangu usianze na robo, hizo unazo tayari. Anza na mpira. Tafuta saizi 6 hata mmoja. Cheza mechi mbili na shule jirani kwa saizi 7 mliyozoea, kisha mbili na shule hiyohiyo kwa saizi 6, wiki zifuatane, wachezaji walewale. Mweke mwanafunzi mmoja pembeni na daftari, si aandike pointi tu. Aandike mitupo iliyorushwa kwa mkono mmoja na ile ya mikono miwili, pasi zilizoponyoka vidoleni, na mitupo huru iliyoingia. Mechi ikiisha waulize wasichana kabla hujawaambia unachofikiri wewe, na uwaulize mmoja mmoja, maana wakiwa kundi wote watamfuata nahodha. Ukishapata daftari hilo mkononi, nenda nalo kwa mkuu wa shule siku anayopanga bajeti ya vifaa, umfungulie ukurasa wa pasi zilizoponyoka.